Alan Blumlein, Mtu Aliyeipa Sauti Mahali Pake

Wapo watu ambao kazi zao zimeingia katika kila nyumba, ilhali majina yao hayajapata kupiga hodi hata mlango mmoja. Wazee wetu wa pwani walinena kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Lakini wengi wetu tukishakiona chombo kinaelea hatuulizi tena fundi wake ni nani. Leo napenda kuwasimulia wasomaji maisha ya fundi mmoja wa namna hiyo, Mwingereza Alan Dower Blumlein, aliyezaliwa London mwaka wa 1903 na kufariki mwaka wa 1942, umri wake miaka 38 tu. Yeye ndiye aliyevumbua namna ya kuinasa sauti kwa njia mbili, kuiandika katika mfuo mmoja wa santuri, na kuitoa tena kwa spika mbili, hata msikilizaji akajua nani kakaa kulia na nani kakaa kushoto. Jambo hilo sisi twaliita stirio.

Sababu ya kumkumbuka sasa ni kwamba vijana wa mitaa yetu siku hizi hawatosheki tena na spika mbili. Hununua risiva na spika tano pamoja na wufa yake, wakazipanga sebuleni, kisha wakataka kuiunga laptopu ili sauti ya filamu iwazunguke kama vile wako sinema. Aghalabu spika mbili husema, na zilizobaki hunyamaza kimya. Mimi ni mpenzi wa santuri na vyombo vya sauti tangu zamani, na kwa kuwa majirani wanajua hivyo, huitwa mara kwa mara kwenda kutazama kuna nini. Kila ninapoitwa humkumbuka Bw. Blumlein, kwani ugonjwa ni ule ule alioutambua yeye zaidi ya miaka 90 iliyopita: sauti zilizopasa kwenda kila moja kwa njia yake zimesongamanishwa katika njia chache.

Masikio mawili

Mkazi yeyote wa Mji wa Kale wa Mombasa, au wa Lamu, analijua jambo hili bila ya kufundishwa. Alfajiri, kabla taa hazijawashwa, adhana huanza msikiti mmoja, ikadakwa na wa pili, kisha wa tatu. Mtu aliye kitandani, macho kayafumba, anajua kwamba huu ni msikiti wa upande wa bahari na ule ni wa upande wa sokoni. Hakuna aliyemwonyesha kwa kidole. Masikio yake ndiyo yaliyompimia.

Sauti itokayo kulia hufika kwanza katika sikio la kulia, kisha ikazunguka kichwa mpaka la kushoto. Muda unaopita baina ya sikio na sikio haufiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tena sikio la mbali hupata sauti iliyofifia kidogo, kwa kuwa kichwa kimeikinga. Kwa tofauti hizo mbili, ya wakati na ya nguvu, Mwenyezi Mungu amemjaalia mwanadamu kujua sauti inatoka wapi. Ukiziondoa, sauti utaisikia, maneno utayafahamu, lakini haitakuwa na mahali.

Santuri zote za zamani zilikuwa hivyo. Waimbaji wawe watano au hamsini, sauti zao zote zilipitishwa katika tundu moja. Blumlein ndiye aliyekaa akafikiri jinsi ya kuzirudisha tofauti zile.

Fundi wa kengele

Alan alizaliwa tarehe 29 Juni, 1903, katika mtaa wa Hampstead. Baba yake, Semmy Blumlein, alikuwa mzaliwa wa Ujerumani aliyechukua uraia wa Uingereza. Mama yake, Jessie, alikuwa binti wa mmishonari wa Kiskoti, William Dower, aliyefanya kazi miaka mingi Afrika Kusini. Baba alifariki mwaka wa 1914, kijana akiwa bado mdogo.

Husimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka saba hivi alitengeneza kengele ya mlango iliyoharibika nyumbani kwao, kisha akampelekea baba yake hati ya madai ya malipo, naye ameitia sahihi kama fundi wa umeme. Husimuliwa pia kwamba kusoma vitabu kulimchelewesha sana kuliko watoto wa rika lake, ilhali hesabu alikuwa akizimeza kama maji. Naam, mtoto hutazamwa kwa kile anachokipenda. Alisomea Highgate School, kisha akaingia chuo cha City and Guilds huko London, na mwaka wa 1923 akatoka na shahada ya daraja la kwanza katika uhandisi wa umeme.

Mwaka wa 1924 aliajiriwa na kampuni ya simu iliyokuja kuitwa Standard Telephones and Cables. Nyakati zile simu za masafa marefu zilikuwa na adha moja kubwa. Nyaya nyingi zilikwenda pamoja katika kebo moja, na maneno ya mtu huyu yakivuja yakaingia katika simu ya yule. Blumlein alitumwa katika kadhia hiyo hiyo, na akasaidia kupunguza uvujaji ule. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndiyo shule yake ya kweli. Kabla hajagusa santuri, alikuwa amekwisha kujifunza kwamba sauti mbili zinazosafiri pamoja lazima zihifadhiwe zisichanganyike.

Chapa ya mbwa

Mwaka wa 1929 alihamia kampuni ya santuri iliyoitwa Columbia, chini ya mkuu wake Isaac Shoenberg. Wakati huo namna bora ya kurekodi kwa umeme ilikuwa mali ya kampuni ya Kimarekani ya Western Electric, na kila aliyeitumia alipasa kulipa. Columbia ilichoka kulipa. Blumlein akapewa kazi ya kubuni mashine mpya kabisa ya kuchora sauti juu ya santuri, isiyogusa haki za Wamarekani. Yeye na wenzake, akiwamo Herbert Holman, waliikamilisha katika muda wa miaka miwili hivi, na ile mpya ikawa safi kuliko ile waliyoikimbia.

Mwaka wa 1931 Columbia iliungana na kampuni ya Gramophone, ile yenye chapa ya mbwa anayesikiliza, wakawa kampuni moja iliyoitwa EMI. Hapa wasomaji wa pwani tutege masikio, kwa sababu kampuni ya mbwa si mgeni kwetu. Ndiyo iliyomrekodi Siti binti Saad wa Unguja, aliposafiri kwenda Bombay mwaka wa 1928 pamoja na wapigaji wake. Santuri zile zilienea pwani yote, na mpaka leo wapo wanaozihifadhi kama vito. Sauti ya Siti imo. Udi umo, fidla imo. Lakini hakuna awezaye kusikia ndani yake udi ulikuwa upande gani na fidla upande gani. Wote wamesimama mahali pamoja, juu ya ncha ya sindano. Siti alirekodi mwaka wa 1928, na fikra ya stirio ilizaliwa ndani ya kampuni hiyo hiyo mwaka wa 1931. Ilipishana naye kwa miaka mitatu.

Sauti isiyomfuata mtu

Fikra yenyewe, kama inavyosimuliwa, ilizaliwa katika sinema. Blumlein alikwenda kutazama filamu pamoja na Doreen Lane, mwalimu wa shule ambaye baadaye, mwaka wa 1933, alikuja kuwa mkewe. Filamu zenye sauti zilikuwa bado jambo jipya. Mchezaji alitembea kutoka upande huu wa kitambaa kwenda ule, lakini sauti yake ilibaki pale pale ilipokuwa spika. Watazamaji wengine hawakujali. Blumlein ilimkera, akamwambia Doreen kwamba anayo njia ya kuifanya sauti imfuate mtu.

Tarehe 14 Desemba, 1931, alipeleka ombi la hati ya uvumbuzi. Lilikubaliwa mwaka wa 1933, likapewa nambari 394,325. Ndani yake mlikuwa na madai 70, na ajabu ni kwamba karibu kila kitu kinachohitajika kwa stirio kimo mle. Yeye hakutumia neno stirio. Aliiita sauti ya masikio mawili.

Si kwamba hapakuwa na mtu aliyelifikiria kabla yake. Huko Paris mwaka wa 1881, Clément Ader aliwapa watu simu mbili, moja kwa kila sikio, wakasikiliza muziki wa jumba la opera. Na Marekani katika miaka ya 1930 mafundi wa maabara ya Bell walikuwa wakiifanyia kazi habari hiyo. Lakini Blumlein aliuona mnyororo mzima, tangu kipaza sauti mpaka sikio.

Kwanza, alionyesha jinsi ya kuweka vipaza sauti viwili mahali pamoja, vimepishana kama msalaba wa pembe mraba, kila kimoja kikisikia mbele na nyuma yake lakini si ubavuni. Mafundi mpaka leo wanaitumia namna hiyo na kuiita kwa jina lake. Pili, alionyesha jinsi ya kuandika sauti mbili katika mfuo mmoja. Mfuo wa santuri una kuta mbili zilizoinamiana, kama bonde. Akaandika sauti ya kulia katika ukuta mmoja na ya kushoto katika ukuta wa pili, na sindano moja ikazisoma zote. Tatu, aligundua hesabu ya jumla na tofauti: ukichukua sauti ya kushoto ukaijumlisha na ya kulia, kisha ukatoa moja katika nyingine, unaweza kuzisafirisha kwa sura hiyo na kuzirudisha salama mwisho wa safari. Hesabu hii, msomaji, uiweke akilini. Tutakutana nayo tena.

Majaribio yalifuata. Mwishoni mwa mwaka wa 1933, katika maabara ya EMI huko Hayes, yeye na wenzake walitembea mbele ya vipaza sauti wakizungumza na kuhesabu, huku na huku. Januari 1934 walikwenda studio za Abbey Road, wakarekodi kwa stirio okestra ya London Philharmonic ikiongozwa na Thomas Beecham, wakifanya mazoezi ya kazi ya Mozart. Mwaka wa 1935 walipiga filamu fupi ya treni katika stesheni ya Hayes. Treni inaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili, na mngurumo wake unasafiri nayo. Filamu na santuri hizo zipo mpaka leo, na mtu anaweza kuzisikiliza.

Baada ya hapo, kimya. Dunia ilikuwa katika dhiki ya uchumi, wanunuzi wa santuri walikuwa wachache, na wakubwa wa EMI hawakuona ni nani atakayenunua kinanda chenye spika mbili ilhali hata cha spika moja kinamshinda. Tena walikuwa na jambo jingine mkononi lililohitaji kila fundi. Wazee husema chema chajiuza. Chema cha Blumlein kilikaa kabatini zaidi ya miaka 20.

Picha, kisha vita

Jambo hilo jingine lilikuwa televisheni. Blumlein alikuwa miongoni mwa watu wakuu waliotengeneza mtambo wa mistari 405 wa Marconi-EMI, ambao BBC ilianza nao matangazo ya kawaida kutoka Alexandra Palace tarehe 2 Novemba, 1936. Ulishindana na mtambo wa John Logie Baird, na mapema mwaka wa 1937 ule wa Baird ukaachwa. Waingereza waliendelea kutangaza kwa mistari 405 mpaka mwaka wa 1985. Katika kazi hiyo Blumlein alibuni vipande vya mitambo ya umeme ambavyo vingine vingali vikitumika ndani ya amplifaya za leo. Kwa jumla, katika maisha yake mafupi alipata hati za uvumbuzi 128.

Nyumbani alikuwa baba wa watoto wawili wa kiume. Nje ya kazi alipenda kuendesha ndege ndogo. Kumbe angani ndiko ajali yake ilikomngojea.

Vita vilipozuka mwaka wa 1939, mafundi wa sauti na picha waligeuzwa kuwa mafundi wa rada. Blumlein alisaidia kutengeneza rada ya ndege za usiku, na baadaye akaingizwa katika siri kubwa zaidi iliyoitwa H2S. Hiyo ilikuwa rada ya kubebwa chini ya tumbo la ndege, inayomwonyesha rubani sura ya nchi iliyo chini yake, usiku au mawinguni.

Siku ya Jumapili, tarehe 7 Juni, 1942, ndege ya Halifax nambari V9977 iliondoka katika uwanja wa Defford kwenda kuujaribu mtambo huo. Ndani mlikuwa na watu 11: wanajeshi na wanasayansi, pamoja na Blumlein na wenzake wawili wa EMI, Cecil Browne na Frank Blythen. Injini ya nje ya upande wa kulia ilishika moto. Uchunguzi ulionyesha kwamba nati moja ndani ya injini haikukazwa sawasawa. Moto ukala bawa, ndege ikaanguka karibu na kijiji cha Welsh Bicknor, ukingoni mwa mto Wye. Hakunusurika hata mmoja.

Nati moja! Mtu aliyekuwa akipima mambo kwa sehemu ya elfu ya sekunde ajali yake ilikuja kwa nati isiyokazwa. Na kwa kuwa mtambo ulikuwa siri, kifo nacho kilifanywa siri ili adui asijue ni hasara gani imepatikana. Mtambo wa H2S ulianza kutumika vitani Januari 1943, bila ya wao.

Stirio yarudi

Mwaka wa 1957 kampuni ya Westrex huko Marekani ilitangaza namna mpya ya kuandika sauti mbili katika mfuo mmoja, kila sauti ukutani kwake. Kampuni zikaikubali, na mwaka wa 1958 santuri za stirio zikaanza kujaa madukani. Ndipo ilipokumbukwa kwamba Mwingereza mmoja aliyekufa alikuwa ameandika jambo hilo hilo tangu mwaka wa 1931. Hati yake ilikuwa imekwisha muda, na hapakuwa na senti ya kudai. Jambo la kushangaza ni kwamba Westrex ilikuwa tawi la Western Electric, kampuni ile ile ambayo Blumlein aliajiriwa ili kukwepa kuilipa.

Siti binti Saad alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki mwaka wa 1950. Hivyo basi ile miaka mitatu niliyoitaja, kwa ajili ya kabati la EMI, iligeuka kuwa miaka 30. Sauti yake tunayo, lakini mahali pake hatutapasikia kamwe. Hiyo ndiyo hasara yetu sisi watu wa pwani katika habari hii, nami naiona si ndogo.

Ile hesabu ya jumla na tofauti nayo haikufa. Redio za FM za stirio, zilizoruhusiwa Marekani mwaka wa 1961, husafirisha sauti kwa hesabu hiyo. Filamu za Dolby Stereo za miaka ya 1970, kama Star Wars ya mwaka wa 1977, zilificha sauti ya spika za nyuma ndani ya tofauti ya njia mbili za mbele. Mwaka wa 1992 zikaingia sinema filamu za Dolby Digital, zenye njia tano kamili na ya sita ya mshindo wa chini: kushoto, kati, kulia, mbili za ubavuni, na wufa. Hizo ndizo spika walizo nazo vijana wetu sebuleni.

Laptopu na spika zilizonyamaza

Nilikwenda kwa kijana mmoja aliyenunua risiva nzuri, spika zote zimepangwa kwa heshima. Dukani aliponunua, na jina la duka nalihifadhi, aliambiwa kwamba waya wowote utafaa. Akapewa ule mwembamba wa tundu la vifaa vya masikioni. Spika mbili za mbele zikalia, tatu zikalala. Kijana alikuwa tayari kuzirudisha akidhani mbovu.

Spika hazikuwa na ila. Tundu lile la laptopu limeumbwa kwa masikio mawili, nalo hutoa njia mbili tu. Ukiunga waya wake kwenye risiva, risiva inaweza kukisia na kuzitawanya sauti mbili katika spika tano, lakini hicho ni kisio, si kile kilichorekodiwa. Bluetooth nayo, kwa kawaida, huleta njia mbili.

Waya unaofaa ni HDMI, ambao unaweza kuchukua njia nane, kila moja mbali na mwenzake. Utoke laptopu uingie risiva mahali palipoandikwa IN. Wengi huuchomeka palipoandikwa OUT, ambapo ni pa kwenda televisheni. Kama laptopu ni ya kisasa na haina tundu hilo, iko adapta ya tundu la USB-C, mradi tundu hilo liwe la kutoa picha. Kama risiva ni ya zamani isiyo na HDMI, hutumiwa waya wa mwanga. Lakini huo hubeba njia mbili za wazi tu, au njia sita zikiwa zimefungwa kwa namna ya Dolby Digital au DTS, ili risiva izifungue.

Baada ya waya, iko kazi ya pili ambayo wengi huiacha. Fungua mipangilio ya sauti ya laptopu, uchague risiva iwe ndiyo pa kutolea sauti badala ya spika zake yenyewe, kisha uiarifu kwamba spika ni tano na wufa. Laptopu haina macho. Isipoarifiwa itadhani ni mbili. Halafu katika programu ya kuonyeshea filamu, chagua sauti ipelekwe kama ilivyo bila ya kufunguliwa njiani. Ikifaulu, aghalabu utaona maandishi ya Dolby au DTS yakiwaka usoni mwa risiva. Na mwisho, tazama filamu yenyewe. Kama ilirekodiwa kwa njia mbili, hakuna waya duniani utakaoizalia ya tatu.

Kijana yule tulimbadilishia waya, tukapanga mipangilio, na filamu ilipoanza mvua ikanyesha nyuma ya makochi. Mama yake alitoka jikoni kutazama kama nguo zake za kamba zinalowa.

Sharti la Blumlein ndilo hilo, kwa wakati ule na wakati huu. Kila sauti ishike njia yake tangu ilikonaswa mpaka sikioni. Ikichanganywa mahali pamoja tu, hata pawe padogo kama tundu la waya, kilichopotea hakirudi.

Jina lachelewa

Heshima ilimjia polepole. Mwaka wa 1977 liliwekwa bamba la ukumbusho katika nyumba aliyoishi huko Ealing, London. Kitabu kizima cha maisha yake hakikutoka mpaka mwaka wa 1999, miaka 57 baada ya kifo. Mwaka wa 2015 chama cha wahandisi cha IEEE kiliweka bamba katika studio za Abbey Road kwa kumbukumbu ya stirio, na mwaka wa 2017 akapewa tuzo ya Grammy ya ufundi. Yeye mwenyewe hakuona hata moja, wala hakupata kuiona santuri ya stirio ikiuzwa dukani.

Nimeyaandika haya si kwa kuwasifu watu wa mbali tu. Ukiishika santuri kuukuu ya taarabu ya chapa ya Mzuri, zilizotolewa hapa Mombasa na Assanand and Sons, jina la mwimbaji utalisoma. La yule aliyevipanga vipaza sauti, akaamua udi ukae wapi na ngoma ikae wapi, aghalabu hulioni. Watu hao walikuwapo, na baadhi ya waliofanya kazi nao wangali hai. Aliye na mzee wa namna hiyo katika jamaa zake na amwulize sasa, aandike jina, mwaka na mahali, maadamu yuko wa kujibu.